Miaka Saba Ambayo Muriuki Hakuisimulia

Kila Jumamosi ambayo hakupangiwa shifti, Muriuki alikuwa akiinua mlango wa gereji yake kule Blaine, Minnesota, anasogeza gari nje, anapanga viti viwili vya kukunja pale lilipokuwa gari, na kuwasha makaa. Ikifika saa nane mchana, rafiki yake Eliakim anatokea kutoka Roseville na mfuko wa nyama ya mbuzi aliyonunua kwa Wasomali, na wawili hao wanarudi Nairobi bila kupanda ndege.

Walikuwa wakirudi hivyo kwa miaka kumi na moja. Walianzia River Road, kwenye kile kibanda cha chipsi zilizofungwa kwa gazeti mpaka habari za jana zinaingia mafuta. Wakapandia Luthuli Avenue, ambako kila duka la kaseti lilipiga wimbo wake na mpita njia akasikia nyimbo sita kwa wakati mmoja. Oktoba ilipofika, na majani ya miti ya Minnesota yakigeuka mekundu, Eliakim alikumbuka mijakaranda ya chuoni ilivyomwaga maua ya zambarau, na jinsi wanafunzi walivyosema kwamba maua yakianguka kabla hujafungua kitabu, mtihani umekushinda. Susan, mkewe Muriuki, alipitia mlango wa jikoni na kachumbari akawacheka.

"Nyinyi wawili mmekwama mwaka wa tisini na tano," alikuwa akiwaambia. "Dunia imesonga, nanyi mko palepale mnanusa chipsi."

Muriuki siku zote alikaa upande wa kulia wa rafiki yake, kwa maana sikio la kushoto la Eliakim halikusikia. Lilikufa mwaka wa tisini na saba, wakati wa maandamano, askari alipomshushia rungu karibu na mabweni ya chuo. Eliakim hakupenda kulisemea sana. Alilitaja mara moja tu, mwanzo wa urafiki wao, kama mtu anayekuonyesha ngazi iliyovunjika nyumbani kwake ili usije ukajikwaa.

Na Muriuki, alipoulizwa siku hiyohiyo alikuwa akifanya kazi gani Nairobi, alijibu, "Nilikuwa karani. Wa serikali." Basi. Neno likapita, makaa yakakolea, nyama ikageuzwa.

Hakuwa karani. Alikuwa polisi kwa miaka saba.

Susan alijua, kwa kuwa aliolewa naye akiwa bado kazini, ila walikubaliana tangu waliposhuka uwanja wa ndege mwaka wa elfu mbili na tatu kwamba jambo hilo libaki kwenye masanduku. Huku Muriuki alikuwa mhudumu wa wazee. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Coon Rapids, akiwaogesha, akiwalisha, akiwageuza wasipate vidonda. Wazee walimpenda kwa mikono yake isiyo na haraka. Wenzake walimtania kwa namna alivyotandika vitanda, shuka imebana, pembe zimekunjwa zikawa kali kama bahasha. Waliuliza alijifunza wapi. Alicheka tu.

Alijifunza Kiganjo, chuo cha polisi, akiwa na miaka ishirini na miwili. Na hili ndilo lililomsumbua: kwamba alipatamani. Alitamani baragumu la alfajiri na baridi iliyokata masikio, mlima ukijitokeza polepole kutoka gizani mpaka theluji yake ikashika jua kabla ya mtu yeyote. Alimtamani Gitonga, waliyelala chumba kimoja, aliyepiga pasi ya makaa huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nzito na kuunguza kola. Alitamani siku aliyoingia kwao Meru kwa mara ya kwanza akiwa na sare, majirani wakatoka majumbani, mama yake akamzunguka akigusa vifungo kimoja kimoja. Vitu hivyo vilimjia akikunja shuka au akiendesha gari kurudi nyumbani, vikiwa vitamu. Kisha alikumbuka nyuma yake kuna nini, akawasha redio.

Ndipo likaja lile joto la mwisho wa Mei mwaka wa 2020. Mtu aliuawa mikononi mwa polisi kwenye kona ya barabara mjini Minneapolis, na miji yote miwili, huo na Saint Paul ya jirani, ikatoka nje. Wazee kule kazini walikuwa wakifa kwa korona, wafanyakazi wamejifunika kama wafuga nyuki, na televisheni ya ukumbini ilionyesha moshi kutwa.

Kendi, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka ishirini na mmoja, chuo kimefungwa, yuko nyumbani. Kiswahili alikisikia chote, lakini alijibu kwa Kiingereza tangu akiwa darasa la kwanza. Siku ya tatu ya maandamano aliandika bango kwenye ubavu wa boksi la televisheni, akasema anakwenda.

"Huendi," alisema Susan.

"Mama, watu wote niliosoma nao wako huko."

Susan alimgeukia mumewe. Muriuki alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, anakwenda shifti ya mchana. Akasema tu, "Vaa viatu vya kufunga kamba. Usikae mbele."

Kendi alirudi kesho yake, saa kumi na moja jioni, kwa kuwa usiku ule alilala kwa rafiki yake mjini kisha akarudi barabarani asubuhi. Muriuki alikuwa uani akimwagilia nyanya aliposikia mlango wa gari ukifungwa na mtu akikohoa. Kendi alikuja akipapasa ukuta wa nyumba, macho yamefumba, kamasi na machozi vimechanganyika usoni, akichechemea. Susan alikuwa mkunga wa miaka mingi, hakuna damu iliyowahi kumtisha, lakini pale alipiga ukelele akakimbilia ndani, akatoka na taulo iliyochovywa maji ya moto.

"Siyo ya moto!" Muriuki alipaza sauti. "Weka chini hiyo. Kendi, usisugue. Mikono chini. Nimesema mikono chini!"

Ilikuwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. Kendi alishusha mikono.

Alimgeuza uso uelekee upepo. Alimwinamisha kichwa upande, akaacha maji baridi ya mpira yateremke kutoka puani kwenda nje, jicho moja kwanza, kisha la pili, taratibu, muda mrefu. Akamwambia avue sweta bila kuipitisha usoni, wakaikata kwa makasi. Nguo zote kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ufungwe, usiingie ndani. Alipopandisha mguu wa kaptura aliona alama kwenye paja, duara jeusi kama sahani ndogo, katikati peupe. Aliizungushia kidole bila kuigusa.

"Risasi ya mpira. Ilidunda chini kwanza," alisema, kana kwamba anajisemea. "Ingekuja moja kwa moja ingevunja mfupa."

Kendi alikuwa sasa anaweza kufumbua jicho moja. Alimtazama baba yake kwa jicho hilo.

"Baba," alisema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, kilichotoka kama kiatu kilichombana, "wewe umejuaje?"

Muriuki alifunga maji. "Tulisoma kazini," alisema.

Jumapili iliyofuata kanisa lao lilikutana kwenye uwanja wa kuegesha magari, kama lilivyofanya tangu virusi vianze. Watu walikaa ndani ya magari au kwenye viti walivyobeba, familia na familia zimeachana mita mbili, barakoa usoni. Waliokuwa ndani ya magari walibonyeza honi badala ya kusema amina. Mchungaji alishika kipaza sauti akasema hana mahubiri marefu, kila mtu ana lake moyoni wiki hiyo, aliye na neno aje aseme.

Alianza Jedidah, nesi mkuu wa zamu kwenye hospitali moja ya kaskazini, mama wa kunyooka. "Watoto wetu tuliwaleta huku wasome," alisema. "Nani amewatuma barabarani? Polisi akikwambia ondoka, ondoka. Sisi ni wageni hapa." Honi nne tano zililia.

Alifuata Mugisho, baba wa Kikongo aliyefika na familia yake miaka mitano nyuma, mtu mpole wa kupanga viti. "Kwetu Bukavu," alisema, "kama kuko manifestation ya batu barabarani, unafunga mulango, unalalisha batoto chini ya kitanda. Mimi nilifikiri huku hakuko haja ya kulala chini ya kitanda." Alirudisha kipaza sauti, akakipangusa kwanza kwa kitambaa. Hakuna aliyebonyeza honi.

Kisha Eliakim akasimama.

"Dada Jedidah anasema ukiambiwa ondoka, ondoka," alisema. "Mimi niliambiwa niondoke. Niliondoka. Nilipigwa nikiwa naondoka." Aligusa sikio lake. "Sikuwa hata na jiwe. Nilikuwa na begi lenye noti za kemia. Na yule aliyenipiga sikumwona uso. Miaka ishirini na mitatu najiuliza kama anakumbuka. Nimeshapata jibu langu. Hakumbuki. Hao watu hawakumbuki kitu. Kwao ilikuwa Jumatatu tu."

Muriuki alikuwa ameketi kati ya mkewe na bintiye. Hakupanga kusimama. Baadaye hata yeye hakuweza kueleza miguu yake ilinyooka vipi. Susan alimshika shati, akamwachia.

"Wanakumbuka," alisema, bila kipaza sauti. Watu waligeuka. Mchungaji akamletea.

"Wanakumbuka, Elia. Mimi sikuwa karani. Nilikuwa polisi, kikosi cha kutuliza fujo. Siku hiyo nilikuwa Tom Mboya Street, mjini. Tuliambiwa tusafishe barabara. Watu walikimbia wote, ila mzee mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha, na ndoo yake, na kachumbari kwenye kopo. Hakuandamana. Alishindwa tu kukimbia na ndoo. Nilimpiga hapa." Aliweka mkono juu ya nyusi. "Mayai yalimwagika, yakabingirika mpaka kwenye mtaro. Mwenzangu akacheka, na mimi nikacheka. Hakuna aliyenilazimisha kupiga kwa nguvu vile. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nimekuwa nikitaka kusema kwamba uliniuma. Haukuuma. Uliniuma baadaye."

Mtu mmoja ndani ya gari alianza kubonyeza honi, ikakatika katikati.

Eliakim alisimama palepale. "Hukuwa chuoni," alisema.

"Sikuwa chuoni."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Lakini ningekuwa chuoni kama lori letu lingepangiwa chuoni."

Eliakim alitikisa kichwa polepole, mara mbili. Akakunja kiti chake, akakiweka kwenye buti, akaondoka kabla ya baraka.

Walirudi Blaine. Walipokaribia nyumbani Kendi aliuliza kutoka kiti cha nyuma, "Yule mzee wa mayai. Aliamka?"

"Sijui," alisema Muriuki. "Tuliamriwa tusonge mbele. Niliporudi pale wiki iliyofuata, nikiwa na nguo za kawaida, hakuwepo. Nilipita kila jioni karibu mwezi mzima. Muuza magazeti wa pale aliniambia hamjui. Mwaka uliofuata nikaacha kazi."

Siku nne alikula chakula chumbani kwake. Siku ya tano alishuka na sahani, akaketi mezani mkabala naye, akala pale, na hilo Muriuki alilipokea kama zawadi.

Habari zilizunguka, kama zinavyozunguka kati ya Wakenya wa kaskazini ya mji. Wengine walipunguza salamu. Mugisho, aliyekuwa akimpa mkono wa pili juu ya ule wa kwanza, sasa alimpungia kwa mbali. Mwanamume mmoja wa ibada ya asubuhi alimpigia simu akamwambia, "Ndugu, usijitese, ulifanya kazi yako tu," na katika yote aliyoambiwa, neno hilo la kumfariji ndilo lililomuuma zaidi. Jedidah alimshangaza. Alikuja Jumanne na sufuria ya mukimo, viazi na mahindi vya kuponda, akaiweka mlangoni, akarudi nyuma hatua sita kwa ajili ya virusi, akasema kwa sauti, "Baba Kendi, mimi sijui nikuambie nini. Lakini mle."

Jumamosi sita gereji haikufunguliwa.

Ilikuwa katikati ya Julai, Muriuki akiwa kwenye mapumziko ya chakula, ameketi ndani ya gari nje ya nyumba ya wazee, ameteremsha barakoa ili apumue, simu ilipolia. Alitazama jina, akaiacha ilie mara tatu kwa hofu.

"Baba Kendi."

"Elia."

Kisha Eliakim akauliza, "Asubuhi ile. Kabla hamjatoka kambini. Mlikula nini?"

Muriuki alidhani hakusikia vizuri. "Tulikula nini?"

"Ndiyo. Ni kitu nimejiuliza miaka yote. Nilikuwa nawaza watu wale wameamka, wamekula, wameshiba, ndipo wakaja kunipiga. Nataka kujua walikula nini."

Muriuki alifumba macho. Hakuwa amekwenda huko kwa miaka mingi, lakini njia ilikuwepo. "Hatukulala kambini," alisema. "Tulilala kwenye lori, barabara ya Ngong, tangu saa mbili za usiku. Kulipokucha walituletea chai ya rangi kwenye birika moja kubwa, imeshapoa, na mkate, nusu mtu na mwenzake. Gitonga alinipa kipande chake. Alikuwa na tumbo la woga."

"Chai ya rangi na mkate."

"Na mkate. Bila siagi."

Muriuki alimsikia akivuta pumzi. "Na sisi vilevile," Eliakim alisema. "Kenya Mmoja alichemsha chai kwa lile jiko la umeme lililokatazwa. Tukagawana mkate mmoja watu watano. Tulimwita Kenya Mmoja kwa sababu alikuwa akivaa fulana ya timu ya taifa mpaka inanuka. Walituambia nyinyi mmelipwa posho mara mbili."

"Sisi tuliambiwa mmeficha mawe chini ya vitanda."

"Vitanda vipi, Baba Kendi? Tulikuwa tunalala wawili kwa kimoja!"

Muriuki alicheka kabla hajajizuia, na upande wa pili akasikia kicheko pia, kifupi, kikavu, kilichoisha upesi. Wala hakikurudi siku hiyo. Eliakim alimuuliza maswali mengine saba au nane: nani alitoa amri, kwa maneno gani, kama rungu lilikuwa la mti au la mpira, kama walirudi kambini wakaongea juu yake. Muriuki alijibu yote. Alichelewa kurudi ndani kwa dakika kumi, na msimamizi wake, akiona macho yake, hakumwandikia onyo.

Wiki iliyofuata walikutana kwenye ziwa la Como, Saint Paul, wakazunguka kwa miguu. Eliakim alitaka mahali pa kutembea, alisema. Kukaa hakuweza bado. Kendi alikuja nao, akitembea hatua moja nyuma, paja limebaki na baka la manjano. Mzunguko wa kwanza waliongea juu ya bata wa ziwani. Mzunguko wa pili Eliakim alisema, "Sasa nieleze. Siyo siku ile. Ile nimeshaisikia. Nieleze ile miaka mingine. Miaka kumi na moja umekuwa ukinipeleka River Road na hukunionyesha ulipokuwa unalala."

Basi Muriuki akaanza. Alianza kwa uangalifu, akiangalia uso wa rafiki yake, kama mtu anayekanyaga barafu ya Novemba. Alisimulia mlima na theluji, na Gitonga na nyimbo zake na kola zilizoungua, na mama yake akigusa vifungo. Alipofika hapo alipunguza mwendo, kwa maana mama yake alifariki akiwa huku, na hakuwahi kumsimulia mtu furaha ile. Eliakim hakumlaumu wala hakumsamehe. Alisema tu, "Vifungo vilikuwa vya rangi gani?"

"Vya fedha. Tulivisugua kwa majivu."

Kendi, nyuma yao, alikuwa akisikiliza. Kwa Kiingereza chake aliuliza shosho, nyanya yake, alivaa nini siku hiyo, na kama kuna picha. Hakukuwa na picha. Muriuki akamweleza lile gauni, na kitambaa cha kichwa, na nyumba ilivyokuwa wakati ule kabla ya bati jipya, na wakazunguka ziwa mara ya tatu.

Mambo hayakurudi kama zamani. Eliakim alikuja Blaine mara chache kuliko mwanzo, na kulikuwa na siku alipokuwa akinyamaza ghafla katikati ya hadithi nzuri, akatazama mikono ya Muriuki, akaaga mapema. Muriuki hakumshikilia. Lakini walipokumbuka Nairobi sasa waliikumbuka yote, bweni na kambi, na mji ukawa mkubwa zaidi kuliko ulivyokuwa.

Aprili iliyofuata watu walirudi barabarani, kwa sababu ya kifo kingine mikononi mwa polisi. Muriuki aliomba ruhusa kazini. Alimpeleka Kendi kwa gari, akaliegesha mbali, akatembea naye mpaka kwenye umati, akasimama naye pale tangu saa tisa mchana, mikono mifukoni, hakuimba wala hakubeba bango. Watu walimpa chupa ya maji, akampa aliyefuata. Mbele kulikuwa na msururu wa askari na kofia zao, na yeye, peke yake labda katika umati ule, alilijua joto la ndani ya kofia ile. Eliakim hakuja. Alisema hawezi kukaribia rungu hata akiwa na miaka mia. Badala yake alipiga simu kila baada ya nusu saa, na kila mara aliuliza swali lile lile, mko sawa, na Muriuki akamjibu tuko sawa, mpaka jua lilipoanza kushuka na Kendi akamvuta mkono, akamwambia kwa Kiswahili kwamba ana njaa, waende nyumbani.